Nilisema Nimechoka, Wakaitisha Kikao

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama katikati ya duka, mikono nimeikunja kifuani, namwomba radhi mwanamke aliyevaa koti la bluu. Nilimwambia tunasikitika kwa usumbufu. Nikamwahidi kumbadilishia koti. Nikamwuliza kama risiti anayo.

Hakunijibu. Alikuwa sanamu ya kuonyeshea nguo.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: nafanya kazi kwenye dawati la malalamiko la duka kubwa, ghorofa ya chini, mkabala na lifti. Mwaka wa tisa huu. Msimu wa sikukuu watu hununua kwa furaha na kurudisha kwa hasira, na hasira yote hiyo ina anwani moja tu, ndiyo mimi.

Wenzangu walicheka mpaka walipogundua kwamba siigizi. Ndipo nikapelekwa kwa daktari wa kampuni.

"Damu nzuri, presha nzuri, malaria huna," akasema.

"Kwa hiyo mimi ni mzima?"

"Huna ugonjwa. Ila umekwisha."

Akaandika barua ya siku saba za mapumziko, kuanzia siku ile ile. Halafu akanipa dawa nyingine isiyouzwa dukani. "Nenda nyumbani ukamwambie mumeo. Leo hii. Usiyapambe maneno."

Barua nilimpelekea meneja. Akaisoma yote, tena kwa huruma, akaikunja, akaitia kwenye droo. "Utapumzika vizuri sana," akasema, "baada ya sikukuu."

Ikabaki ile dawa ya pili.

*

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake humwita Breki, maana gari la kufundishia lina breki mbili, na ile ya upande wake haipumziki. Ni mtu mpole, hana makuu. Shule yao ilikuwa imefungwa wiki mbili kwa ajili ya sikukuu. Kwake likizo ni likizo. Kwangu mimi likizo yake ni zamu ya pili: natoka kazini, naikuta kazi.

Jumamosi hiyo nilitoka saa nane mchana. Njia nzima nikawa nakariri maneno. Mume wangu, nimechoka. Mume wangu, naomba tuongee. Niliyasema ghorofa ya kwanza, nikayasema ya pili, na ghorofa ya tatu jirani akatoa kichwa mlangoni akaniuliza naongea na nani.

Nikafungua mlango wetu. Sebule yote ilikuwa imehamishiwa katikati ya sebule. Viti vimepandishwa juu ya meza, pazia limefungwa fundo kama mzigo wa kufulia, na mume wangu yuko juu ya ngazi, rangi mpaka kwenye nyusi, anapaka ukuta.

"Nilitaka ushtuke!" akasema.

"Nimeshtuka."

"Si unajua mwaka huu sikukuu ni kwetu? Ukoo mzima unakuja. Watu thelathini. Siwezi kuwakalisha kwenye kuta zile."

"Thelathini?"

"Bila watoto."

Nikaweka mkoba chini. Nikatafuta mahali pa kukaa, sikupaona, nikasimama.

"Mume wangu, nina neno."

"Subiri nimalize hii kona, isije ikakauka vibaya."

Kona ikaisha. Nikajaribu tena, nikafungua mdomo, na mdomo wenyewe ukasema: "Tunathamini uvumilivu wako."

Akacheka huko huko juu. Alidhani ni mzaha. Nami nikaogopa, maana sikuwa nimetania.

Basi nikashika ngazi kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikasema lile moja tu.

"Mume wangu, mimi nimechoka."

Brashi ikasimama.

"Umechoka?"

"Nimechoka kabisa. Siwezi tena."

"Tangu lini?"

"Kama miaka miwili hivi."

"Miaka miwili! Na ulikuwa umenyamaza?"

"Nilidhani yatapita. Nikawa najikaza kwa ajili ya watoto."

Akavuta pumzi. "Kuna mtu mwingine anajua?"

"Daktari anajua."

"Daktari gani?"

"Wa pale kazini. Yeye ndiye aliyenifumbua macho. Yeye ndiye aliyeniambia nije nikwambie leo, nisifiche tena."

"Kumbe mmeshazungumza."

"Sana. Akasema nikipata hata siku saba peke yangu, mbali na haya yote, nitajisikia mtu tena."

Akaangalia ukuta. Akaangalia ndoo ya rangi. Kwake yeye, "haya yote" yalikuwa ni yeye mwenyewe, lakini mimi wakati huo sikuwa na akili ya kuliona hilo. Alishuka ngazi taratibu, hatua moja moja.

"Sawa," akasema. "Nimekusikia. Asante kwa kuniambia ukweli."

"Hujakasirika?"

"Nikikasirika itasaidia nini?"

Nikamkumbatia. Alisimama kama mlingoti, mikono kaiacha ikining'inia. Nikadhani anaogopa kunipaka rangi. Nikajisemea moyoni: wanawake wangapi duniani wana mume wa kumwambia jambo zito hivi naye akalipokea kiungwana namna hii?

Nikaenda kulala saa kumi jioni, na viatu miguuni.

*

Nilipoamka jua la Jumapili lilikuwa limeshaingia chumbani. Vyombo vimeoshwa. Watoto wamepelekwa kwa jirani kucheza. Sebuleni kuta zote nne zimepakwa, na ule wa dirishani, kwa jinsi ulivyong'aa, ulipakwa zaidi ya mara moja. Mume wangu alikuwa na macho mekundu.

"Rangi hiyo," akasema kabla sijauliza. "Halafu nimewaita wazee. Saa nane wanakuja."

"Umewaita? Kwa ajili yangu?"

"Jambo kama hili haliwezi kubaki kati yetu wawili."

Machozi yalinilenga. Kichwani nilimwona mama mkwe akiwachukua watoto. Nilimwona wifi yangu akibeba nguo za kufua. Nilijiona mimi mwenyewe kitandani, siku saba, mlango umefungwa.

"Hata kaka yako nimemwita," akasema.

"Hata kaka! Wa nini?"

"Kubeba."

"Kubeba nini?"

Alikuwa ameshaingia bafuni.

Sasa mtu anayekuja kukusaidia huwezi kumkalisha na njaa. Nikafunga kitambaa kichwani, nikaingia jikoni. Nilimenya vitunguu, nikachagua mchele, nikaweka nyama motoni, nikapika kwa watu saba ingawa tungekuwa sita, maana kaka yangu hula mara mbili. Nilikuwa naimba. Sijawahi kusikia mshtakiwa aliyewapikia mahakimu wake huku anaimba, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kaka yangu akatangulia. Ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Nilimwona dirishani akirudisha nyuma gari la mizigo mpaka likakaribia kugusa mlango wa jengo. Akapanda, akaingia, akanishika bega.

"Pole, dada. Tuanze na kitanda au kabati?"

"Kabati la nani?"

"Lako. Shemeji kanipigia jana, kasema umemchoka, umepata daktari, unaondoka. Gari nimeazima, wenyewe wanalitaka jioni. Kulia tutalia huko huko nyumbani."

Nikabaki na mwiko hewani. Nikayarudia maneno yangu ya Jumamosi, moja baada ya jingine, safari hii kwa masikio ya mume wangu. Miaka miwili. Kwa ajili ya watoto. Daktari kanifumbua macho. Siku saba mbali na haya yote.

Lahaula.

Nikakimbilia sebuleni kumwita. Nikakuta wazee wamekwisha kuingia, na baba mkwe ameshafungua daftari.

*

Baba mkwe alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na mtaani kwao jina lake ni hilo hilo, Karani. Hawezi kunywa chai bila kuandika kumbukumbu. Wifi yangu wanamwita Redio, na sina haja ya kueleza kwa nini. Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kiti cha karibu na mlango wa jikoni. Hukaa hapo siku zote, hata kwenye nyumba za watu, ili iwe rahisi kuinuka.

"Wajumbe tumetimia," akasema Karani. "Ajenda ni moja. Binti, mumeo anasema unataka kuvunja ndoa."

"Baba, si kweli."

"Utapewa nafasi. Mwanangu, alikwambia amechoka?"

"Aliniambia," akasema mume wangu, akitazama ukuta wake.

"Alisema ana daktari?"

"Alisema."

"Hee!" akasema Redio. "Na ni daktari wa nini huyo, wifi? Wa meno? Wa mifupa? Ana mke?"

"Ana mume," nikasema. "Na wajukuu wanne. Ni bibi wa miaka sitini na mbili anayetembelea fimbo."

Karani akakata mstari mmoja kwenye daftari. Kaka yangu, aliyekuwa ameshika sahani, akauliza kama kabati bado linakwenda.

"Kaa chini," nikamwambia. "Kaeni wote mnisikilize. Sijamchoka mume wangu. Nimechoka. Nimechoka kama kitambaa cha kufutia meza. Kuanzia saa mbili asubuhi watu wananitukana kwa sababu ya pasi ambazo sikuzitengeneza mimi, nami natabasamu, nasema samahani. Nikirudi nyumbani narudi bila kitu ndani."

"Kazi ni kazi," akasema Karani. "Sisi sote tumefanya kazi."

"Baba, siku ya Jumanne mjukuu wako alianguka hapo nje. Akaja juu analia, goti linavuja damu. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia achukue namba, akae, asubiri kuitwa."

Hakuna aliyecheka.

"Na akakaa," nikasema. "Ndilo linaloniuma. Alikaa kwenye kiti, akashika goti lake, akasubiri. Mimi nikaendelea kukunja nguo."

Mume wangu akageuka kutoka ukutani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu jana.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia jana. Ukaitisha kikao."

Akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa, maana viti vilikuwa vimekwisha. "Nilidhani unaniacha," akasema. "Nimeupaka huo ukuta mara nne. Kila nikimaliza nasema, nikiacha kupaka itabidi nifikiri."

Nikataka kwenda kumshika, lakini Karani aligonga kalamu mezani.

"Vizuri. Kikao kimeona kwamba hakuna mgogoro, kuna uchovu tu. Kwa hiyo kikao kinaazimia." Akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya. "Binti apewe mapumziko ya kutosha. Watoto waje kwetu. Redio aje kufua. Utekelezaji uanze mara moja, baada ya sikukuu."

Baada ya sikukuu!

Nikacheka. Nilianza kidogo kidogo, kwa adabu, halafu kicheko kikanishinda nguvu. Nikaegemea ukuta nacheka, na nilipojitoa ukutani mgongo wote ulikuwa mweupe kwa rangi. Kaka yangu akaweka sahani chini. Akisha kuweka sahani chini huyo, ujue ameogopa kweli.

"Hapana, baba," akasema mume wangu.

Karani akainua macho. Kwa miaka kumi na mmoja tangu niolewe sijapata kulisikia neno hilo likielekezwa upande ule.

"Hapana nini?"

"Hawaji."

"Kina nani?"

"Wote thelathini. Nitawapigia simu mmoja mmoja, leo hii. Na kesho asubuhi naenda mimi mwenyewe kwa meneja wake. Barua ya daktari itoke kwenye droo."

"Na sikukuu?"

"Itapita tu, hata tusipoilisha."

Wasomaji, nimesoma barua nyingi za mapenzi ujanani. Hakuna hata moja iliyonigusa kama ile sentensi, na aliyeisema amekaa kwenye ndoo, ana rangi kwenye nyusi.

"Ukoo hauwezi kukaa bila mahali," akasema Karani, uso umeanza kumkaza. "Wazee wameshajiandaa. Wasipokuja hapa waende wapi?"

"Kwako, baba. Kama miaka yote."

"Haya. Basi kwangu." Akainama kuandika. "Mama yenu atapika."

Nani hajui namna nyumba inavyonyamaza mtu asiyetarajiwa anapokohoa? Mama mkwe alikohoa. Sikuwa nimemsikia tangu aingie. Alikuwa amesikiliza muda wote, mikono kaiweka mapajani.

"Mama yenu nani?" akauliza.

"Wewe, mama," akasema Redio, akicheka kidogo. "Una mwingine?"

"Miaka arobaini na mmoja," akasema mama mkwe. "Tangu niolewe, siku ya sikukuu sijala nimekaa. Nala nimesimama jikoni, kilichobaki, kikiwa kimeshapoa. Halafu natoka kuwauliza wageni kama wameshiba." Akanielekezea kidole. "Huyu mtoto alipokuwa anasema, nilidhani kaiba maneno kifuani mwangu. Mimi nilidhani hili jambo jina lake ni uzee. Kumbe nilikuwa nalo tangu nina miaka thelathini."

"Mama," akasema mume wangu.

"Ngoja, mwanangu. Mimi sijawahi kupewa nafasi kwenye kikao, leo najipa mwenyewe."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatafuta ile sauti yake ya kazini. "Mke wangu, tumekusikia. Na wewe umechoka. Naandika hapa, na wewe utapangiwa mapu..."

"Karani."

Sijapata kumsikia akimwita hivyo. Sisi sote tulikuwa tunajua anamwita Baba.

"Umeandika maneno ya watu maisha yako yote," akasema mama mkwe, "leo andika vizuri. Mkweo amesema amechoka. Mimi sikusema hivyo. Mimi nasema nimekuchoka."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi na haikwenda popote. Redio akatazama simu yake kana kwamba habari ile ingetokea huko kwanza. Kaka yangu peke yake ndiye aliyesogea. Alimpisha mama mkwe kiti chake, kile kizuri, chenye mgongo, na mama mkwe akakaa humo. Akaegemea. Akafumba macho kidogo kama mtu aliyefika.

Alipoyafumbua alinitazama mimi.

"Mwanangu, hapa kwenu pana mahali pa mimi kulala? Sisemi siku moja wala mbili. Na unijibu ukweli, usinijibu kwa adabu. Adabu nimeila ya kutosha."

Karani akasimama. Mkono wake ulishika daftari, lakini hakulifungua.

"Binti," akasema polepole, "ukimpokea huyu leo, mimi mguu wangu hautakanyaga tena nyumba hii. Na huyu mumeo asinihesabu kuwa baba yake."

Mle ndani mlinuka rangi, na huko jikoni wali ulianza kuungua. Nikamtazama mume wangu pale kwenye ndoo, baba yake kulia, mama yake kushoto. Hakunifanyia ishara yoyote. Alikuwa anasubiri, kama walivyokuwa wanasubiri wote, mimi niseme.

Jana tu nilikuwa naomba nafasi ya kulala.

Nikafungua mdomo.